Uwatu, mtori, mlonge au uji wa pilipili manga: kipi kiliwaongezea maziwa?

Mzazi wa Mbagala
Shikamooni mama zangu, habari zenu dada zangu. Nina mtoto wa kwanza, leo ana siku 19. Tangu juzi naona maziwa yamepungua. Matiti yamekuwa laini, si kama wiki ya kwanza yalipojaa hadi yakauma. Jioni mtoto anang'ang'ania titi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne, nikimtoa analia. Jana nilikamua nikapata vijiko viwili tu, na mimi nikalia.

Nyumbani kila mtu ana dawa yake. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, kaja na mbegu za uwatu na anapika uji wa pilipili manga. Mama yangu wa Rombo anasema hakuna kama mtori. Jirani kaniletea unga wa mlonge. Mume wangu kanunua maziwa ya kopo, na usiku mama mkwe humpa mtoto chupa mbili ili nilale. Siwezi kula vyote hivi kwa pamoja. Ukiambiwa uchague kimoja ungechagua kipi, na kwa nini?

Bi Pangani
Marahaba mwanangu, hongera kwa kujifungua salama. Nimezaa watatu na wote nimewalea kwa uji. Unga wa mchele, tui la nazi, pilipili manga iliyotwangwa, sukari na ndimu. Bakuli kubwa asubuhi na jingine alasiri, siku zote arubaini. Unakunywa ukiwa wa moto mpaka jasho likutoke, na nusu saa baadaye unasikia titi linachomachoma.

Uwatu niliutumia kwa mtoto wa pili. Kijiko cha chai naloweka usiku, asubuhi nachemsha nakunywa na maji yake. Maziwa niliyaona, siwezi kusema uongo. Lakini jasho langu lote lilinuka uwatu, na mtoto tumbo likawa linamsokota usiku kucha. Nilipoacha akatulia. Mimi nasema uji kwanza.

Dada wa Marangu
Mtori jamani. Ndizi mshare, nyama ya mifupa iliyochemka mpaka imelainika, kitunguu, maziwa na siagi kidogo. Mama aliyetoka kujifungua hana hamu ya kutafuna, anachoka, na anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko alivyokuwa mjamzito. Mtori unashuka wenyewe, na una maji, wanga na nyama ndani ya bakuli moja.

Jambo moja nitawapinga bibi zetu: mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu mzazi hupewa akiambiwa inaleta maziwa. Pombe inazuia maziwa kushuka vizuri na inapita kwa mtoto. Kula mtori, mbege waachie wageni.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 26. Kabla ya kuchagua chakula naomba Mzazi wa Mbagala anijibu. Mtoto anakojoa pampasi ngapi kwa siku? Alizaliwa na kilo ngapi, na kadi ya kliniki inasemaje sasa? Anapoanza kunyonya unasikia maumivu?

Nauliza kwa sababu dalili ulizotaja zote zinaweza kutokea maziwa yakiwa yanatosha kabisa. Matiti huwa laini kuanzia wiki ya pili au ya tatu, mwili ukishajua mtoto anahitaji kiasi gani. Jioni watoto wengi hunyonya mfululizo, na kwenye wiki tatu huzidi. Kukamua hakukupimii, mtoto anayenyonya vizuri hutoa maziwa mengi kuliko mkono.

Mzazi wa Mbagala
Asante mama. Pampasi zilizolowa ni saba kwa siku, choo cha njano mara tatu au nne. Alizaliwa na kilo 3.0, siku ya 7 alikuwa 2.8, jana 3.1. Titi la kushoto linauma sana anapoanza, na akiliachia chuchu imebanwa kama imekatwa upande mmoja.

Mkunga Mstaafu
Basi mtoto wako anakua. Kupungua siku za mwanzo ni kawaida, na pampasi sita au zaidi ni dalili njema. Ila sehemu ya ukuaji huo inatoka kwenye kopo, kwa hiyo tuanzie hapo.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, ubongo unatoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Prolaktini hupanda zaidi usiku. Titi likijaa likaachwa, linapunguza kasi lenyewe. Chupa mbili za usiku anazopewa kwa nia njema zinachukua nafasi ya minyonyo miwili yenye faida kubwa kuliko yote. Mwombe mama mkwe akuletee mtoto kitandani, akishashiba amchukue yeye, ambeue na ambembeleze. Hapo utalala na maziwa hayatapungua.

Chuchu iliyobanwa inaonyesha mtoto anashika chuchu tupu. Subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi, usimpelekee titi. Kidevu kiguse titi, midomo ipinduke nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ikiuma, tia kidole safi pembeni ya mdomo umtoe, uanze tena. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, titi hili likilegea mpe la pili. Mchana mlaze kifuani ngozi kwa ngozi.

Chupa usizikate zote kwa siku moja. Toa ya kwanza, hesabu pampasi, baada ya siku tatu toa ya pili, na mpeleke akapimwe uzito.

Mama Njahi, Nyeri
Huku kwetu ni njahi, yale maharagwe meusi, na uji wa wimbi, na mama mkwe wangu hakunipa nafasi ya kukataa! Nilikula nikapata nguvu. Lakini mtoto wa kwanza nilikula njahi hizohizo na maziwa yakaisha mwezi wa tatu, kwa sababu nilirudi kazini na sikukamua. Wa pili nilikamua kila baada ya saa tatu nikiwa kazini, nikayaweka kwenye friji, akanyonya hadi miaka miwili. Chakula kilikuwa kilekile.

Mama Yusra
Mimi nazungumza kwa uchungu. Siku ya sita baada ya kujifungua sikuwa na maziwa hata tone. Nilikunywa uwatu, mlonge, supu ya pweza, kila kitu. Damu ilikuwa bado nzito na ina mabonge, nikaambiwa ni kawaida. Nilipopigwa picha ya tumbo wakakuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki. Walipokitoa, maziwa yakaja siku mbili baadaye. Dada, kama unatokwa damu nyingi au una homa, usikae jikoni kuchemsha dawa.

Na uliza pia kuhusu uzazi wa mpango. Vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni hupunguza maziwa, mwambie nesi kuwa unanyonyesha kabla hajakupa.

Fundi Mlonge
Mlonge mimi niliweka majani kwenye mboga kama mchicha. Ufilipino mama wanaonyonyesha wanayala sana, kwenye supu. Ni mboga nzuri, basi. Majani tu, mizizi na magome hapana. Na uwatu unashusha sukari, kwa hiyo mwenye dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda aulize daktari kwanza.

Mzazi wa Mbagala
Nimerudi, mtoto ana siku 29. Mkunga, Mungu akuweke. Siku mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, jioni alinyonya mpaka nikadhani ameisha nguvu. Kushoto nilimtoa na kumweka upya mara nne, mara tano, sasa hakuumi. Chupa ya kwanza tulitoa Jumatatu, ya pili Ijumaa. Mama mkwe ndiye anayeamka kuniletea, na mwenyewe amefurahi kwamba hajaondolewa kazi. Leo kliniki: kilo 3.4. Uwatu nimeuacha. Mtori nakula mchana, uji asubuhi.

Bi Pangani, ndimu unatia kabla au baada ya kuepua? Wa kwetu unakatika.

Bi Pangani
Baada ya kuepua, mwanangu, na uwe umetulia kidogo. Ukitia sufuria ikiwa bado jikoni, tui linakatika.