Kupe wamejaa masikioni na mbung'o bado wanauma: tunakosea wapi kuogesha?

Mfugaji_Kaliua
Wakuu, habari zenu. Ng'ombe wa kienyeji 28 na ndama 9, Kaliua, malisho ukingoni mwa msitu wa miombo. Tunaogesha kila Jumamosi kwa dawa ya kupe, amitrazi 12.5%: vizibo viwili kwenye bomba la lita 16, na bomba moja linamaliza ng'ombe wanane. Mgongoni wako safi, ila ndani ya masikio wale kupe wa kahawia wamebanana. Ndama wawili wamevimba tezi chini ya sikio, mmoja kafa akitoa povu puani. Mbung'o ndio hawajali kabisa. Dawa ni feki?

BwanaMifugo_Uyui
Pole mkuu. Kabla ya kuilaumu dawa tupige hesabu.

Amitrazi 12.5% ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 16 linataka mililita 32, la lita 20 mililita 40. Kizibo si kipimo, kuna cha mililita 5 na kuna cha 10. Nunua sindano ya mililita 20 ikae na bomba siku zote. Dawa ikiwa pungufu, kupe dhaifu wanakufa na sugu wanabaki kuzaa, halafu kweli itafika siku dawa haifanyi kazi.

Maji nayo ni machache mno. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10. Wewe unampa lita 2, zinaishia mgongoni ambako kupe wachache ndio hukaa. Ameoga pale maji yanapochuruzika kwenye kiwele na ncha ya mkia. Ogesha asubuhi, jua halijawa kali, wakiwa wameshakunywa maji, na usiogeshe mvua ikiwa inanyesha au inakaribia.

Sikio halifikiwi na bomba. Mfunge ng'ombe, geuza sikio nje, chovya mswaki wa zamani kwenye dawa iliyokwisha changanywa na upake kila mkunjo mpaka kwenye mzizi wa nywele, bila kumimina tunduni. Fanya hivyo pia chini ya mkia na katikati ya kwato. Vaa glavu.

Sasa hilo la Jumamosi. Kupe wa sikio akishang'ata, vimelea vya ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi kama za ndama wako, huiva kwenye tezi zake za mate kati ya siku ya 3 na ya 5. Anayepanda dawa ikishaisha nguvu anapata muda wa kutosha kuambukiza kabla ya Jumamosi nyingine. Ndio maana masika ndama wapakwe masikio kila siku ya 3, hata kama kundi zima linaoga mara moja kwa wiki. Kiangazi pia msiache: kupe wachanga wa msimu huo wana ukubwa wa ufuta, hawaonekani kwa haraka, na wanaambukiza vilevile.

Kama mna punda, msimwogeshe amitrazi. Inasimamisha utumbo wake.

Mbungo_Kibondo
Naongezea upande wa mbung'o. Amitrazi ni ya kupe, mbung'o haimgusi. Mnahitaji dawa ya jamii ya pareto ya kiwandani, kama deltamethrini, kwa kipimo cha kwenye lebo. Mbung'o huuma zaidi miguuni na tumboni, na hupenda wanyama wakubwa kuliko ndama. Kwa hiyo dawa ikiwa chache, anza na mafahali na majike makubwa, miguu yote na tumbo. Kwa kupe bado mwili mzima uoge.

Mtego wa kitambaa nao unasaidia: bluu iliyokolea pamoja na nyeusi, kilowekwe deltamethrini, kining'inizwe karibu na ardhi kwenye njia ya kwenda majini. Bluu humvuta, nyeusi humtuliza atue. Fyeka nyasi kukizunguka, vinginevyo hakionekani na moto wa kiangazi utakichukua. Kikipauka, badilisha. Mbung'o hatagi mayai, jike huzaa funza mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10, kwa hiyo mkiua wachache kila siku bila kuacha kundi lote linashuka.

Mfugaji_Kaliua
Nimewaelewa, asanteni sana. Ndama wa pili bado anasimama, homa 41. Nimemchoma OTC (oksitetrasaiklini) juzi, tezi haijashuka.

BwanaMifugo_Uyui
OTC ni ya ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Kwa tezi hiyo na homa hiyo anahitaji buparvakwoni, dawa ya ndigana kali: mililita 1 kwa kila kilo 20, ndani ya msuli wa shingo. Ndama wa kilo 60 ni mililita 3, na irudiwe baada ya saa 48 kama homa haijashuka. Mwiteni mtaalamu leo, si kesho, maana maji yakishaingia mapafuni dawa inachelewa. Asitembezwe machungani, mleteeni majani na maji kivulini.

Waliobaki wazima wachanjwe ndigana kali. Ni mara moja tu, ila chanjo hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika na ikishayeyushwa inatumika ndani ya saa chache, hivyo jikusanyeni majirani mpate ndama wa kutosha siku moja. Na kuogesha kunaendelea, kwa sababu chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe kama maji moyo na mkojo wa damu.

Maabara_Kasulu
Msiwasahau wachungaji. Anayelala kambini akipata homa na kipimo cha haraka cha malaria kikawa hasi, asipewe dawa tu na kurudishwa. Aombe damu iangaliwe kwa hadubini, na aseme kwamba anachunga porini. Vimelea vya malale, vinavyoletwa na mbung'o, na vya homa ya papasi huonekana hapo, kile kipimo cha haraka hakivitambui kabisa. Papasi hutoka usiku kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hunyonya dakika chache na kurudi, ndiyo maana hakuna anayemkuta mwilini asubuhi. Zibeni nyufa kwa udongo uliosilibwa vizuri, inueni kitanda kitoke chini na kisiguse ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote.