Tanzia ya Nahodha: taratibu za huku, na habari za mbuzi

Mtu wa Langoni, sasa Leicester

Assalam aleikum jamaa,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Wengi mmenipigia na sauti imenikauka, basi naandika mara moja. Nahodha tumemzika jana baada ya adhuhuri, makaburi ya Waislamu ya hapa. Jumapili alilala mzima, Jumatatu hakuamka. Umri miaka 31.

Nyumbani wanauliza imekuwaje zikapita siku nane. Wana haki. Kwetu Amu, yaani Lamu, mtu hufa alfajiri, adhuhuri ashaswaliwa, na alasiri watu wako matangani na vikombe vya kahawa mkononi. Huku Uingereza kijana akifa ghafla, sababu haijulikani, habari zake hupelekwa kwa koruna, yaani ofisa wa kuchunguza vifo vya namna hiyo, na mpaka atoe ruhusa hapana wa kumgusa maiti. Msigombane na karani wake. Mimi niligombana, sikupata kitu. Kilichofaa ni kusema tangu siku ya kwanza kwamba sisi ni Waislamu, hatupendi mwili upasuliwe, na kuuliza kama yawezekana maiti apigwe picha kwa mashine badala ya kisu. Si kila mji una huduma hiyo na pengine familia hulipa wenyewe. Ulizeni tu. Sisi tuliipata kwa kuuliza.

La kumsafirisha tulilijadili usiku mzima. Maiti hatoki Uingereza mpaka koruna apewe taarifa, na kwa kawaida husubiriwa siku 4 kamili isipokuwa akubali kuharakisha. Kisha maiti atiwe dawa, jeneza liwe na bati ndani, karatasi za ubalozi, ndege, halafu gari mpaka Mokowe, halafu boti. Mamake ndiye aliyetupumzisha. Alisema mzikeni huko huko. Kisha akauliza nani atamwosha. Nikamwambia mimi, mama, na wenzangu wawili. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Mai yasiwe baridi," akasema. "Mwanangu hawezi baridi."

Niliyapima yale maji kwa kiwiko, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Mwenye kazi pale akanitazama, hakusema neno. Nikayapima tena.

Dadake atakaa na mama Ijumaa amsomee mtakayoyaandika. Basi andikeni, na muandike yanayosomeka mbele ya mama.

Wa Malindi, sasa Cardiff

Mola amrehemu. Wengine humu hawajui jina la Nahodha lilitoka wapi, wanadhani ni watu wa majahazi. Hata! Babake alikuwa fundi cherehani.

Tulipanda basi pamoja Malindi, likizo ya chuo. Garsen, Witu, vizuizi vya askari kila mahali, watu wamechoka, kitambulisho kinatoka kinarudi. Yeye kila kizuizi anashuka na kuwaamkia askari kama bwana harusi anayepokea wageni, mpaka mmoja akamwuliza, "Wewe umelewa?" Akajibu, "La afande, nimefurahi tu." Basi zima likavunjika mbavu. Tukafika Mokowe, tukaingia botini. Safari yenyewe haifiki hata nusu saa. Kabla hatujaacha mikoko ya pale karibu, kijana wa Amu, mzaliwa wa Amu, ameinama ubavuni anatapika! Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akamwambia, "Pole nahodha." Ikawa ndiyo basi.

Dada wa Mkomani, sasa Toronto

Nimecheka hapa kazini nikalia, wenzangu wakaniletea maji.

Nyote mnaijua ile ya uwanja wa ndege lakini wengi mnaihadithia kombo. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mamake alimfungia mbuzi ndani ya begi, kwa sababu alisikia kwamba Ulaya watu hula nazi ya kopo. Begi likapita kwenye mashine, pakaonekana chuma chenye meno kimechomoza. Akaitwa pembeni. Ofisa anauliza hiki nini. Na Kiingereza chake siku zile mnakijua, alitafsiri neno kwa neno. Akasema ni mbuzi.

Yule ofisa akasema hapana, naona mti na chuma. Naye: ndiyo, ni mbuzi, mamangu kanipa. Ofisa akamwita mkubwa wake. Nahodha akaona maneno hayafiki. Akaikunjua ile mbuzi, akaiweka chini pale pale kwenye vigae, akaikalia miguu huku na huku, akatwaa nazi ya hewani na kuanza kuikuna. Anazungusha viganja taratibu, na mara akachukua machicha yasiyokuwepo akayakamua tui. Yule mkubwa akauliza, "Na kitoweo je?" Wakampitisha.

Na ile nazi ya kopo aliikataa mpaka mwisho. Mwambieni mama.

Mwenzake wa nyumba, Leicester

Mimi si mwandishi, mtanisamehe. Kwanza mbuzi, basi na mimi nina punda.

Mashine ya kupasha nyumba joto yeye aliiita punda, maana mpaka uipige teke. Kila asubuhi namsikia kwenye ngazi, "Haya baba, twende, twende." Siku moja ikagoma kabisa, Januari. Akampigia wakala wa nyumba, na kwa mazoea akamwambia punda amekufa jikoni. Baada ya siku mbili tukapata barua ya kutukumbusha kuwa mkataba hauruhusu kufuga. Fundi alikuja baada ya wiki. Ile barua aliitia kwenye fremu, iko ukutani mpaka sasa, sijui niitoe au niiache.

Na Ramadhani ya 2016, ile iliyoangukia Juni. Huku jua linatua saa 3 na nusu usiku. Amu wao saa 12 na nusu jioni washafuturu, kwetu bado ni saa 10 na nusu. Basi kila siku saa hiyo anapiga simu kwao ili asikie adhana ya Amu. Anaiweka simu mezani, anachukua tende moja, anaileta mpaka mdomoni, anaiangalia, anairudisha kwenye sahani. Nikamwuliza unafanya nini. "Naitisha," akasema, yaani anaitia hofu ile tende. Siku 30 tende ile ile. Sikukuu ndipo alipoila, ilikuwa imekauka kama jiwe.

Nyumba kimya. Nikipiga punda teke nasema "haya baba" mwenyewe.

Mtu wa Langoni, Leicester

Ahsanteni. Nina machache ya kazi, yatawafaa na wengine.

Nakala za cheti cha kifo chukueni kadhaa siku ya kusajili, maana benki inataka, mwajiri anataka, na kila mtu anataka yake halisi, si fotokopi. Pasipoti ni mali ya serikali, nitairudisha ubalozini. Akaunti benki huifunga ikipata habari, na kiasi wanachoweza kutoa bila amri ya mahakama kila benki ina chake. Warithi wake kadhi wa Amu atawataja, hilo halina mjadala.

Lakini deni hutangulia mirathi, na hapa ndipo nilipoogopa, maana marehemu hakuandika wasia. (Ninyi mmeandika? Mimi nimeandika juzi usiku, nusu ukurasa, na mashahidi wawili.) Simu yake imefungwa na hapana aijuaye namba ya siri. Kumbe alikuwa na daftari. Liko chini ya mto, la mistari, kama la duka. Kila anayemdai yumo na kiasi chake, na anapolipa hupiga mstari na kuandika "kaponea", yaani deni limekwisha. Yaliyobaki ni matatu. Pauni 60 za mtu wa Shela, nimemlipa. Pauni 15 za sanduku la msikiti, nimepeleka. La tatu limeandikwa hivi: "Pauni 20 na pilau moja." Jina hakuandika. Mwenyewe ajitokeze, mama hatapata usingizi.

Wa Malindi, Cardiff

Ni mimi. Pauni 20 nimesamehe, na pilau nimesamehe, duniani na akhera, mama asikie. Ila ijulikane kwamba alikuja kwangu, akala, akaahidi kunilipa pilau ya mbuzi. Mwaka mzima namdai. Nilipomfuata mpaka Leicester nikamwambia leo siondoki, mbuzi yuko wapi, aliingia jikoni akanitolea ile ya kukunia.