Ushauri wenu wakuu: Ziwa Chala, kayaki, kulala kwenye hema na kuangalia nyota

Mtoto wa Sakina:
Wakuu habari za Jumamosi. Niende moja kwa moja kwenye mada. Mimi na washkaji zangu wawili pamoja na mchumba wangu tumepanga Ijumaa ijayo tutoke Arusha mchana tukalale Ziwa Chala, kule mpakani na Kenya, siku mbili, Jumapili tunarudi. Mshkaji mmoja kapata kayaki mbili zile za kujaza upepo, kauziwa na mzungu aliyemaliza mkataba wake akawa anauza kila kitu mpaka sufuria. Hema tunazo. Sasa plani yenyewe, na hapa ndo naomba msinicheke, usiku wa Jumamosi tuingie na kayaki mpaka katikati ya ziwa, tuzime tochi zote tulale chali tuangalie nyota, maana nimeona picha fulani nikasema hii lazima niifanye kabla sijaoa. Maswali: kuna mamba? Upepo ukoje mwezi huu wa saba? Tubebe nini? Mchumba hajui kuogelea ila ni jasiri.

Gari Bovu:
Nimeishia hapo kwenye "hajui kuogelea ila ni jasiri" 😂😂 nimekaa paleee nasubiri mrejesho, kama utakuwepo wa kuuleta.

Kijana wa Himo:
Mkuu mimi Chala nimeenda mara nyingi, ngoja nikwambie kitu ambacho kwenye picha hakionekani. Lile ni shimo la volkano, sio ziwa la kwenye tambarare. Wewe unafikia juu kwenye ukingo, maji yako chini kabisa, unashuka kwa njia ya mawe na udongo unaoteleza, na huko kwenyewe hakuna ufukwe wa maana, kuta zimesimama karibu pande zote. Ina maana gani, ina maana ukipinduka mbali na pale mlipoingilia huwezi kusema nitaogelea popote nipande, utafika ukutani ukute jiwe refu na vichaka. Ziwa Duluti pale karibu na Arusha ukizama kidogo unashika mafunjo. Chala kina kinakaribia mita 90, na unaanza kukutana nacho hatua chache tu toka ukingoni. Kwa mtu asiyejua kuogelea, usiku, kwenye kayaki ya upepo, hapana.

Mamba: mwaka 2002 binti mmoja wa Kiingereza aliuawa na mamba akiwa anaogelea upande wa Kenya. Wenyeji wengine watakwambia hawapo tena, wengine watakwambia wapo. Mimi siogelei, napiga kafi tu na miguu naiweka ndani.

Baharia Mstaafu:
Nakazia hapo kwa Kijana wa Himo. Mimi nimekula chumvi nyingi baharini na nitaongea kuhusu upepo peke yake. Mwezi wa saba ni kusi, na kusi halipigi Tanga na Pemba tu, linapanda mpaka huko kwenu, na hata wataalamu wanaochunguza lile ziwa wanasema maji yake huchanganyika vizuri miezi hii kuanzia wa sita mpaka wa tisa kwa sababu ya upepo huo pamoja na baridi. Sasa kayaki ya kujaza upepo inaelea juu kama puto, haina uzito chini, upepo ukiigeuza unapiga kafi mpaka mabega yanawaka na bado unarudi nyuma. Kingine, mpira ukipumuliwa kwenye jua la saa saba halafu ukaingia kwenye maji baridi, upepo wa ndani unasinyaa na kayaki inalegea katikati. Ijaze, iweke majini dakika kumi, kisha iongeze. Boya kila mtu, na liwe limefungwa mwilini, usiniambie limewekwa miguuni "likihitajika".

Mtoto wa Sakina:
Mzee wangu shikamoo. Maboya tunayo mawili, watu wanne, tulijua tutapokezana.

Baharia Mstaafu:
Marahaba. Basi wanaingia watu wawili majini, wawili wanakaa juu wanachoma nyama.

mama_tausi:
Jamani nyie wote mnaongelea maji, hamna aliyemuuliza huyu kijana kuhusu mwezi. Mwanangu leo ni mwezi saba kwa kalenda ya Kiislamu, toka nje usiku huu utaona nusu mwezi. Jumamosi ijayo itakuwa mwezi kumi na nne, mbalamwezi kabisa, unatoka na jua linavyozama na unakaa mpaka asubuhi. Nyota gani utaona hapo? Kaka yangu anavua dagaa Musoma, wao mbalamwezi ikiwa kali wanaanika nyavu na kulala maana taa zao hazivuti kitu, giza likirudi ndo wanaingia ziwani. Wewe fuata kalenda ya dagaa tu, sogeza safari wiki mbili.

Mtoto wa Sakina:
Mama hili sikulifikiria kabisa aisee. Nimetoka nje saa hii, kweli ni nusu. Nawaambia washkaji.

Nyota Tatu:
mama_tausi umemaliza. Naongezea upande wa nyota kwa sababu ndo ugonjwa wangu.

Mkuu wazo la kwenda katikati ya maji lina kasoro hata ukiondoa hatari. Ukiwa chini kule umezungukwa na kuta, kwa hiyo nyota zote za karibu na upeo wa macho huzioni, unabaki na anga kama la mtu aliye ndani ya sufuria. Juu ukingoni unaliona lote. Halafu kwenye kayaki darubini ya mkononi haitulii hata sekunde mbili. Kayaki iwe asubuhi, nyota ziwe juu. Sijui nani aliwachanganya hivi vitu viwili.

Mwezi wa saba kigiza kikiingia tu geuka kusini, Msalaba wa Kusini uko pale, ule wenye nyota nne. Taa za Taveta ziko upande huohuo zitasumbua kidogo chini ila Msalaba uko juu yake. Saa tatu nne inua shingo, Nge anakuwa karibu utosini, mkia umejikunja kabisa kama wa nge kweli, na pale karibu na mkia ndo ile Njia Nyeupe ya nyota (Milky Way) inakuwa nene kupita kote. Wageni wa Ulaya wanaililia hiyo sehemu maana kwao inakaa chini sana. Kaskazini ukiwahi utaona na Dubu Mkubwa kainama. Sisi tuko nyuzi tatu tu na kitu kusini mwa ikweta, tunapata za pande zote mbili, na watu tumelala.

Ukiamka saa kumi alfajiri angalia mashariki kuna Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Wazee walikuwa wanasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walilimia hicho.

Tochi ifunge na plastiki nyekundu, mwanga mweupe ukiugusa mara moja macho yanahitaji kama nusu saa tena kuzoea giza. Simu ndo adui namba moja. Kama mnataka apu, Stellarium ina rangi nyekundu ya usiku, ipakue ukiwa bado mjini.

Binti Rombo:
Simu pia kuna hili, mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya ziwa kwa hiyo simu inaweza kurukia mtandao wa kule ukashangaa salio limeenda wapi. Zima rominga. Na msipige kafi mkavuka ng'ambo kwa kujisahau, pale ni Kenya, haijalishi hamna geti.

Nyani nao ni wezi waliokubuhu. Msiache chakula ndani ya hema, watafungua zipu kama wameisomea. Usiku msitembee ovyo maporini, tembo wanazunguka maeneo yale wanatokea upande wa Tsavo, laleni kwenye kambi inayoeleweka yenye walinzi, pigeni simu kwanza muulize bei na kama wanaruhusu kayaki zenu. Na chandarua, pale ni chini, sio Marangu, mbu wapo.

Bibi yangu alikuwa hataki kabisa tushuke pale. Alisema kuna kijiji kilizama na watu wake na mifugo, jioni ikitulia unasikia ng'ombe wakilia chini ya maji. Mimi nimesikia mara moja. Kaka yangu alisema ni ng'ombe wa jirani.

Gari Bovu:
Binti Rombo umeniharibia usiku.

Kijana wa Himo:
Vitu vya kulinda na maji usinunue mabegi ya bei mbaya. Chukua ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, ioshe, simu na nguo kavu humo, ifunge na kamba kwenye kayaki. Ikianguka inaelea. Muingie majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne muwe mmetoka.

Mtoto wa Sakina (MREJESHO, wiki tatu na nusu baadaye):
Wakuu niliwaahidi. Tulienda mwezi ukiwa umeisha kama mama_tausi alivyosema. Ijumaa jioni tulifika kumetanda mawingu, kilele cha Mawenzi hakionekani, washkaji wakaanza kunilaumu. Saa tano usiku yakafunguka kama mtu kavuta pazia, na nimekaa Arusha miaka yote hii sijawahi kuona anga limejaa vile. Mkia wa nge niliuona bila kuoneshwa na mtu. Mchumba aliamka alfajiri kabla yangu akaniita, Kilimia hicho, na chini yake kimwezi chembamba kama ukucha uliokatwa.

Asubuhi tuliingia wawiliwawili na boya kila mtu, tukashika ukingo. Mzee Baharia ile ya kuongeza upepo ni kweli tupu, kayaki moja ililegea ndani ya dakika tano tu. Saa tatu na nusu upepo ukaanza kukwaruza maji upande wa pili, unauona unakuja kama kivuli, tukageuza. Tulikuwa kama mita mia mbili tu kutoka tulipoingilia na bado zilituchukua karibu nusu saa kurudi, mikono yangu mpaka leo siwezi kuvaa shati vizuri. Ningekuwa katikati ya ziwa usiku na ule upepo sijui.

Nyani walichukua mkate wote na nusu ya ndizi. Na ndoo ya rangi walijaribu kuifungua wakashindwa.

Gari Bovu:
Picha ziko wapi?

Mtoto wa Sakina:
Simu ilikuwa ndani ya ndoo mkuu.