Kutoka kambini mchana kutwa: nafasi inashikwa na nini?

Swali
Habari wakuu. Kwenye kambi zisizo na buking, anayewahi ndiye anayepata. Mtu amelipia siku tatu, asubuhi anatoka na gari, anarudi jioni. Aache nini ili asikute mwingine ameshapiga hema pale? Kiti na kitambaa cha mezani vinatosha? Na je, inafaa kumshikia nafasi ya pili rafiki anayefika kesho?

kigingi_nane
Kiti hakitoshi, mkuu. Huenda kimesahauliwa na aliyehama asubuhi, na mgeni anayeingia saa saba mchana hana namna ya kujua. Kinachoeleweka ni hema lililosimama pamoja na risiti inayosomeka hata na aliye ndani ya gari. Andika tarehe ya kuingia, ya kutoka na namba ya gari. Tumia penseli, maana wino hutawanyika ukipata umande. Tia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, ufunge kwenye nguzo ya namba ya nafasi, mdomo wa mfuko ukitazama chini. Ukitazama juu, mvua inajaa humo na risiti inageuka uji.

Uliza pia hema linaruhusiwa kukaa tupu kwa muda gani. Zipo kambi ambazo vifaa vikipita saa 24 bila mwenyewe vinahesabiwa vimetelekezwa, na msimamizi anaviondoa.

turubai
Hapo sawa, ila hema tupu ni jepesi, upepo hulichezea. Kigingi kichwa chake kiinamie upande wa nje, mbali na hema, na kamba zote za upepo zifungwe hata kama asubuhi imetulia. Ndani, kila kona, weka dumu la lita 5 lililojaa maji. Manne ni kilo 20.

Turubai la kivuli ndilo hasa la kuogopa. Maji yakituama sentimita 1 tu kwenye turubai la mita 3 kwa 3, ni lita 90, yaani kilo 90 juu ya vinguzo vyembamba. Shusha kona moja sana maji yapate pa kutokea, au likunje kabisa.

Moto: mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, hadi ukiweka mgongo wa kiganja usisikie joto. Mchanga peke yake hauzimi. Makaa hubaki moto chini yake saa nyingi, na mtoto aliye pekupeku haoni kitu.

Swali
Asanteni sana. Na chakula? Na yule rafiki?

mama_tochi
Chakula kisibaki hemani hata ganda la tunda. Panya hutoboa kitambaa, tumbili huchana wavu. Gari likiondoka, chakula kiondoke nalo.

Rafiki hapana, ndugu yangu. Kusimamisha hema tupu kwenye nafasi ya pili ni kumnyima aliyefika jioni na watoto, naye yupo na pesa mkononi. Muulize msimamizi kama nafasi yako inaruhusiwa hema la pili, kwa sababu huwa kuna kikomo cha watu na magari. Ikiruhusiwa, rafiki alale hapo hapo.

Na ukirudi ukakuta mtu, usiguse vigingi vyake. Mwonyeshe risiti, kisha nendeni wote wawili kwa msimamizi.