Nimemtambulisha kaka yangu wa damu kama "fundi wangu" mbele ya bosi. Nimwombeje radhi?

Mleta uzi

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 41, nafanya kazi ofisini, kitengo cha fedha. Kaka yangu mkubwa ni fundi bomba. Tumezaliwa wawili tu. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, nilikuwa na ugeni: mkurugenzi wetu na mkewe. Asubuhi ile sinki la jikoni likaanza kuvuja, nikampigia kaka. Alikuja mbio na begi lake la vifaa, akalala chali chini ya sinki. Nilidhani atamaliza mapema, kumbe wageni nao wakawahi.

Mkurugenzi si mtu wa kutulia sebuleni. Akaingia mpaka jikoni kusalimia, akamkuta kaka anajifuta mikono kwa tambara, ovaroli imelowa mpaka magotini. Akainama kuangalia ile kazi, akaniuliza, "Huyu umempata wapi? Kazi safi sana." Nikajibu, "Ni fundi wangu wa siku nyingi huyu." Sikupanga kusema vile. Yalinitoka tu, tena kwa sauti ya kujiamini.

Kaka alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo bosi, mimi ni fundi wake." Akampa mgeni namba ya simu, akakusanya spana zake, akatokea mlango wa nyuma. Binti yangu wa miaka minane alikuwa nje anachora. Nikamsikia: "Baba mkubwa, mbona leo huagi?"

Jioni ikaja meseji. Miaka yote kaka hajawahi kunitoza hata senti. Safari hii ameorodhesha: koki moja, tepu ya mabomba, bomba la kutolea maji, ufundi, jumla. Chini kaandika, "Ahsante kwa kazi, bosi." Nikatuma hela, nikaongeza na ya juu. Ile ya juu ikarudi saa ileile.

Tangu hapo simu anapokea na anajibu kwa adabu, ila ananiita bosi. Mke wangu ananiambia nikaushe, litapita. Mimi naona halipiti. Na kinachonichanganya zaidi ni hiki: kaka ana nyumba yake, ana vijana wanne anaowalipa mshahara. Mimi nimepanga, na gari ninaloendesha ni la mkopo. Sasa nilimwonea aibu ya nini?

Naombeni ushauri. Matusi pia napokea.

Kisu Butu

Umeshajitukana mwenyewe, sina la kuongeza. Mtu kajinyima ukasoma, leo unamkana kwa ajili ya bosi ambaye akihamishwa kesho jina lako hatalikumbuka!

Mleta uzi

Mkuu, hakunisomesha. Tulisoma shule moja, darasani alinizidi akili, na ufundi aliuchagua mwenyewe kwa kuupenda. Hakuna deni la ada hapa. Ningekuwa nalo ningejua pa kuanzia.

Msomaji wa Usiku

Lile swali lako la aibu ndilo la kushika. Max Weber, yule msomi Mjerumani wa mambo ya jamii, aliligusa zaidi ya miaka mia iliyopita: mali ni kitu kimoja, heshima ambayo watu wanakupa ni kitu kingine, na si kila mara vinaandamana. Kwenye mali kaka yako kakuacha. Ulichokuwa unakilinda pale jikoni ni hicho cha pili, ukaona ovaroli iliyolowa itakuchafulia.

Tena hukuanza wewe. Pierre Bourdieu baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta kijijini, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mtoto akasoma mpaka mwaka 1981 akapewa uprofesa Collège de France, mahali pa wasomi wakubwa kabisa wa nchi ile. Alichunguza matabaka karibu maisha yake yote, na bado alijieleza kama mtu aliyepasuka kati ya alikotoka na alikofika. Annie Ernaux, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2022, wazazi wake walikuwa na duka dogo na mkahawa. Ameandika waziwazi kwamba aliwahi kuwaonea aibu, na kwamba aibu ile yenyewe ilimuumiza baadaye. Sisemi haya ili ujisamehe haraka. Nasema uache kujishangaa, uanze kushughulika.

Dada Waya

Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo niko upande wa kaka.

Kwanza neno "fundi" msilionee huruma. Nikiitwa fundi nafurahi, nimelitolea jasho. Kilichomchoma pale ni "wangu". Ungesema "huyu ni kaka yangu, na ni fundi hasa," ovaroli ingekuwa ileile na maji yaleyale, na yeye angetoka kwa mlango wa mbele.

Pili, uko nyuma ya wakati. Nilipoanza kazi hii kuna nyumba nilizokuwa naambiwa nisikae kwenye kochi hata kabla sijashika waya. Siku hizi wateja wananisubiri wiki mbili, na wapo wanaoniuliza kama nitampokea mtoto wao mwenye shahada aje ajifunze. Huyo mkurugenzi wako aliinama kuangalia kazi! Aliyeona cheo pale jikoni ni wewe peke yako.

Kisu Butu

Dada Waya umemaliza. Uzi ufungwe.

Peni ya Bluu

Usifungwe, nina neno kwenye hiyo "bosi" anayoitwa.

Uswidi zamani watu walikwepa kuambiana "wewe". Mtu uliongea naye kwa kutaja cheo chake, "Daktari anahitaji nini", "Mkurugenzi amelalaje", na usipokijua cheo unazungukazunguka kwenye sentensi kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kazi kama mkuu wa idara ya taifa ya afya, akawatangazia watumishi kwamba atamwita kila mmoja kwa "wewe" ya kawaida na jina lake la kwanza. Hali ilikuwa imeshaanza kubadilika, lakini siku ile ikabaki kuwa alama, na miaka michache baadaye vyeo vilikuwa vimepotea kwenye mazungumzo ya kila siku.

Kaka yako amepita njia hiyohiyo kinyumenyume. Ulikuwa mdogo wake, akakupandisha cheo, na sasa mnaongea kwa cheo. Siku ukisikia amekuita jina lako la nyumbani, ujue mmefika.

Hesabu Kichwani

Nyongeza ndogo kisha nakaa pembeni. Mwaka 2013 BBC pamoja na wanasosholojia walitoa matokeo ya utafiti wa matabaka Uingereza, na zaidi ya watu 161,000 walikuwa wamejaza dodoso. Hawakuishia kwenye kipato na nyumba. Waliuliza pia mtu anapenda starehe gani, na anafahamiana na watu wa kazi zipi. Wakatoka na makundi saba badala ya yale matatu ya juu, kati na chini.

Hebu pima hapo. Kufahamiana na watu wa kazi mbalimbali kulihesabiwa kama mtaji. Wewe mtu wa fedha umeufuta mtaji wako mwenyewe kwenye vitabu, mbele ya mkurugenzi!

Bi Mkubwa wa Kona

Mwanangu, nimesoma yote, na hao wazungu wenu pia nimewasoma. Sasa nisikilize mimi.

Usipeleke zawadi. Ameshakurudishia hela mara moja, ukienda na kifurushi unamtukana tena. Usiombe radhi kwa simu. Mfuate alipo, hata kama anafanya kazi, ukae mpaka amalize. Na usianze na "unajua siku ile nilichanganyikiwa". Sema ulichokisema, neno kwa neno, kisha sema ulikosea.

Hilo ni nusu. Kosa lilifanyika mbele ya mgeni, nawe unataka kulimaliza mkiwa wawili? Yule mkurugenzi bado anajua una fundi. Na mtoto wako je, umemjibu? Aliuliza mbona baba mkubwa haagi. Usipomjibu atajijibu mwenyewe, na jibu atakalolipata utakuja kulisikia siku na yeye ana wageni.

Mleta uzi

Mrejesho, wakuu.

Mtoto nilimwambia ukweli juzi usiku. Akaniuliza, "Kwani baba mkubwa alikuwa mchafu?" Nikamwambia alikuwa amelowa tu. Akasema, "Mimi ningesema ni baba mkubwa." Akageukia ukutani, akalala.

Jana nikamfuata kaka. Alikuwa kwenye jengo linalojengwa, amechuchumaa kwenye kona yenye giza. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema tu, "Nishikie tochi." Nimeshika ile tochi kama saa nzima, mkono umekufa ganzi, na kila nikihama kidogo ananiambia mwanga umekimbia. Alipokaza nati ya mwisho nikasema kama Bi Mkubwa alivyonielekeza, neno kwa neno. Nilivyofika kwenye "fundi wangu" sauti ikakata.

Hakusema amesamehe. Alifuta spana moja moja, akazipanga kwenye begi. Kisha akanitolea simu, akanionyesha meseji. Mkurugenzi amemwita nyumbani kwake Jumamosi, mabomba ya bafuni.

Akaniuliza, "Nikifika huko, mimi ni nani?"

Bi Mkubwa, kesho kabla ya kikao cha asubuhi nagonga mlango wa mkurugenzi. Nimeshaandika sentensi tatu kwenye karatasi, na kila nikizisoma naona ya kwanza inatosha.