Kwa nini Ariel anamtii Prospero?

Msomaji wa Nyegezi: Ndugu zangu, kikundi chetu kimemaliza kusoma tamthilia ya Shakespeare inayojulikana kwetu kama Tufani, iliyochezwa mbele ya Mfalme James wa Uingereza mwaka 1611. Ariel, roho anayemtumikia mchawi msomi Prospero kisiwani, ana uwezo wa kuzua dhoruba. Kwa nini basi amtumikie mzee ambaye, bila vitabu na fimbo yake, ni mtu wa kawaida tu?

Mkazi wa Kirumba: Anafungwa na fadhila. Mchawi wa kike Sycorax alimbana ndani ya msonobari kwa miaka 12, Prospero akamtoa. Hivyo kila anapodai uhuru alioahidiwa, hukumbushwa mateso yale, kisha hutishiwa kubanwa tena ndani ya mti mwingine kwa muda uleule. Mvuvi wa dagaa anayedaiwa nyavu na tajiri wake anaifahamu vyema hesabu ya namna hiyo.

Mwalimu, Ukerewe: Nakubaliana nawe, ndugu, lakini Caliban, mwana wa Sycorax na mtumwa wa Prospero, hakuahidiwa chochote. Alimwonyesha Prospero chemchemi za maji matamu, naye akaishia kuchanja kuni katika kisiwa anachodai alirithi kwa mama yake. Kosa lake la kujaribu kumbaka Miranda, binti wa Prospero, ni zito, wala silitetei. Hata hivyo, Prospero mwenyewe anakiri kwa binti yake kwamba hawawezi kuishi bila huyo anayewawashia moto.

Msomaji wa Nyegezi: Ahsante, Mwalimu. Ferdinand, mwana wa mfalme wa Napoli, naye anabeba magogo yaleyale, ila yeye anaozwa binti.