Tupeane uzoefu: sebule, meza ya kulia na jiko chini ya dari moja

Mchoraji
Wakuu, uzi huu ni wa wanaochora, wanaojenga na wanaofunga vifaa kwenye nyumba za openi plani. Wekeni vipimo na sababu zake.

Naanza na majina, maana ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi huanzia hapo. Jiko wazi ni jiko lililokosa ukuta upande mmoja, basi. Jiko la kulia lina meza ya chakula ndani yake, lakini sebule imebaki chumba chenye mlango wake. Openi plani kamili ni sebule, meza na jiko bila ukuta wala mlango kati yao. Nusu wazi ni pale unapogawa bila kufunga: ukuta wa kifuani, kabati linaloonekana pande mbili, kioo, au sakafu iliyoshuka ngazi mbili.

Wajapani wamelipanga jambo hili vizuri kuliko wengi. Tangazo likisema 2LDK, maana yake ni vyumba viwili vya ziada pamoja na nafasi moja yenye sebule, meza na jiko. Na herufi hizo hazitolewi bure: nyumba yenye vyumba viwili au zaidi inatakiwa LDK yake ifike angalau mikeka 10, mkeka mmoja ukihesabiwa si chini ya mita za mraba 1.62. Ikipungua hapo inaitwa DK, yaani meza na jiko tu.

Mteja akisema "nataka wazi", muulize maswali mawili kabla ya kushika kalamu: meza inakaa wapi, na mlango upi unabaki?

Fundi Bimu
Kwa wanaobomoa ukuta wa nyumba iliyokwisha kujengwa: kugonga na kusikiliza mlio hakutoshi. Mlio unakuambia ukuta ni wa tofali au wa mbao, haukuambii umebeba nini. Panda darini. Angalia kama mbao zimeungana juu ya ukuta huo, au kama kenchi (fremu za paa) zimeukalia. Kama kuna ghorofa, pima kama ukuta wa juu umesimama juu yake. Jibu likiwa ndiyo hata kwa kimoja, mwite mhandisi apige hesabu ya bimu, yaani boriti itakayobeba mzigo badala ya ukuta. Ukubwa wa bimu haukisiwi kwa macho.

Kazi yenyewe: zima umeme na maji yanayopita ukutani, weka nguzo za muda pande zote mbili, na nguzo zikae juu ya ubao mpana ili zisitoboe sakafu. Bimu ikalie ukuta si chini ya sentimita 15 kila upande, juu ya kitako cha zege, siyo juu ya tofali tupu. Sasa sehemu inayosahaulika: kati ya mgongo wa bimu na ukuta wa juu hubaki uwazi mdogo. Uujaze kwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga, uusindilie mpaka ukatae, uache ushike ndipo uondoe nguzo. Usipofanya hivyo ukuta wa juu utashuka kwa kiasi cha uwazi ule, na ufa wa mshazari utatokea chumba cha juu. Bimu ya zege ya kumwaga papo hapo inataka subira zaidi, maana nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28.

Pia kumbuka sakafu. Ukuta ukitoka unaacha mfereji wa upana wake, na vigae vya pande mbili mara nyingi havilingani kimo. Pima tofauti hiyo kabla ya kununua vigae.

Moshi na Hewa
Jikoni penye mlango, harufu ya mafuta inabaki jikoni. Kwenye openi plani inalala kwenye pazia na makochi. Kosa ni kununua hudi (kifaa cha kuvuta moshi juu ya jiko) kwa hesabu ya jiko peke yake. Jiko la mita 3 kwa 4 lenye dari ya 2.7 lina ujazo wa mita za ujazo 32.4, ukitaka hewa ibadilike mara 10 kwa saa, hudi ya mita za ujazo 324 kwa saa inatosha. Lakini nafasi nzima ikiwa mita 8 kwa 5, ujazo ni 108, na hesabu ileile inakupeleka 1,080.

Bomba lisipungue kipenyo cha milimita 150, liwe fupi, lenye kona chache. Kona kali moja inakula nguvu nyingi, na bomba la mikunjo ndilo baya kuliko yote kwa sababu mafuta hukaa kwenye mikunjo. Hudi iwe sentimita 65 hadi 75 juu ya jiko la gesi, ila kitabu cha kifaa kikisema vingine, fuata kitabu.

Mdau mpya
Mkuu, zile zinazorudisha hewa ndani kupitia kichujio cha mkaa hazifai?

Moshi na Hewa
Zinapunguza harufu, ndugu, lakini mvuke unarudi wote chumbani, na kichujio kikichoka harufu nayo inarudi. Ukuta wa nje ukiwepo, toboa. Halafu acha hewa mpya ipate pa kuingilia. Hudi kubwa kwenye nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kuvuta moshi wa hita ya gesi au wa meko urudi ndani, na hapo ni suala la uhai.

Vipimo
Njia ya kupita tu, sentimita 90. Kati ya kaunta na kisiwa (kaunta inayosimama peke yake katikati), 105 kwa mpishi mmoja, 120 kwa wawili. Nyuma ya kiti cha meza acha 90 kama watu wanapita hapo. Kaunta ya kimo cha 90 inataka stuli ya 65 hivi, na kaunta itokeze 30 kwa ajili ya magoti. Kila mkaaji apewe upana wa 60.

Chora njia ya kutoka mlango mkuu hadi chooni. Ikikatiza kati ya jiko la moto na sinki, panga upya.

Umeme
Kila eneo swichi yake. Rangi ya mwanga: kaunta kelvini 4,000 (mweupe), makochi 2,700 (wa manjano). Waya wa soketi ya kisiwa upite kabla sakafu haijamwagwa.

Sauti
Vigae, kioo na dari ngumu vinarudisha sauti. Weka zulia kubwa linaloingia chini ya miguu ya mbele ya makochi, na pazia lenye upana mara mbili ya dirisha. Mashine ya kufulia ipewe chumba chenye mlango.

Mchoraji
Naongeza la ngazi. Ngazi ya ghorofani ikishukia kwenye openi plani, moto wa jikoni unakata njia pekee ya waliolala juu. Zungushia ngazi ukuta na mlango unaozuia moto, au hakikisha ipo njia nyingine ya kutokea. Karibu na jiko weka kihisi joto, maana kihisi moshi kitalia kila unapokaanga na mwishowe watu watakitoa betri. Kihisi moshi kikae upande wa makochi na juu ya ngazi, na vyote viunganishwe ili kimoja kikilia, vyote vilie.